King'ora, kamera, droni au roboti: kikosi cha zimamoto kianze na kipi?

Jioni ya tarehe 3 Desemba 1999, mjini Worcester, Massachusetts, wazimamoto wawili waliingia katika ghala kuukuu lililokuwa la kuhifadhia vyakula kwenye baridi. Waliwatafuta watu waliodhaniwa kuwa wanaishi humo. Jengo lilikuwa na ghorofa sita, kuta nene, madirisha ya kuhesabu, na njia za ndani zilizopindapinda kama za pangoni. Moshi ukashuka, wakapotea. Walitoa wito kwa redio kwamba hawaioni njia na hewa inawaishia. Wenzao wakaingia kuwatafuta, na wanne kati ya hao nao hawakutoka. Wakafa sita.

Kinachoniuma kila nikiirudia habari hiyo ni kwamba watu wale hawakuwa mikono mitupu. Walikuwa na mitungi ya hewa, walikuwa na redio, na sauti zao zilisikika nje. Kilichokosekana ni jibu la swali moja: wako wapi humo ndani?

Miaka imepita na soko limejaa vifaa vinavyodai kujibu swali hilo na mengine. Makala haya ni kwa ajili ya wanaopaswa kuchagua: mkuu wa kikosi cha mji, msimamizi wa usalama kiwandani, kiongozi wa wajitoleaji mwenye pesa za kitu kimoja au viwili tu kwa mwaka. Nitavilinganisha vifaa hivyo vikiwa ubavu kwa ubavu, lakini kwanza niseme ninavipima kwa nini.

Mzimamoto aliye taabani ndani ya moshi hana mkono wa tatu. Amevaa glavu nene, haoni hata kiganja chake, moyo unamwenda mbio, na akili yake imebanwa na jambo moja, hewa. Kwa hiyo kila kifaa nakiuliza hivi: kinafanya nini pale ambapo aliyekivaa hawezi tena kubonyeza chochote? Vipo vizuri sana vinavyoshindwa swali hilo. Havifai kutupwa, ila visinunuliwe kwanza.

King'ora cha mwilini, bao la majina, na taarifa zinazorushwa nje

King'ora cha kutosogea ni kile kidude kinachopiga kelele endapo mvaaji ametulia bila kusogea kwa takriban sekunde 30. Huanza na mlio wa kuonya, ili aliyesimama tu akisikiliza ajitikise aunyamazishe. Asipojitikisa, mlio kamili unafuata, na kwa viwango vya Marekani unatakiwa kufikia angalau desibeli 95 kwa umbali wa mita 3. Mvaaji anaweza pia kukiwasha kwa kitufe akiona mambo yamemzidi.

Viko vya aina mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye katalogi. Aina ya kwanza huning'inizwa mkandani na huwashwa kwa mkono. Ya pili imeungwa na kifaa cha kupumulia, nayo hujiwasha mara tu mtungi unapofunguliwa. Ile ya mkandani ni nafuu, lakini watu husahau kuiwasha, na wanaosahau zaidi ni wale waliokimbilia tukio la kutisha, yaani pale inapohitajika kuliko popote. Kama huna uwezo wa kununua kingine chochote mwaka huu, ondoa vya mkandani uweke vinavyojiwasha. Juu ya hilo sina shaka hata kidogo.

Tazama pia umri wake. Mwaka 2005 majaribio ya NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, yalionyesha kwamba mlio wa baadhi ya ving'ora hivi ulififia vilipopata joto, vingine kuanzia nyuzi 150 hivi za Selsiasi. Hilo ni joto ambalo mzimamoto hukutana nalo kazini. Toleo la 2007 la NFPA 1982, kiwango cha ving'ora hivi cha NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, likaongeza majaribio makali zaidi, na la 2013 likaagiza mlio mmoja kwa watengenezaji wote, ili mwokoaji autambue bila kujali chapa. Ukiletewa msaada wa vifaa vilivyokwisha kutumika, tafuta lebo usome toleo kabla ya kumvisha mtu.

Bao la majina, kwa upande wake, halina betri hata moja. Baada ya wazimamoto wawili kufa katika moto wa soko la Smithfield, London, Januari 1958, Uingereza iliukazia utaratibu huu: kila anayeingia na kifaa cha kupumulia anakabidhi kibao chake kwa msimamizi wa lango, kikiwa na jina lake, presha ya mtungi na saa aliyoingia. Msimamizi anapiga hesabu ya saa ambayo mtu huyo anapaswa kuwa ametoka. Asipotoka, hakuna kungoja kuitwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa hadi baa 300 (baa ni kipimo cha presha) una takriban lita 2,000 za hewa. Anayevuta lita 40 kwa dakika ana dakika 50 hivi, kwenye karatasi. Lakini anayepanda ngazi huku akiburuta mpira wa maji hufikia lita 80 au zaidi, na zile 50 zinageuka 25. Bao halijui hilo. Linatunza alichokuwa nacho mlangoni, wala halioni kinachobaki sasa.

Hapo ndipo taarifa zinazorushwa kwa mawimbi zinapolishinda bao. Kifaa hupima presha ya mtungi na kuituma kwenye skrini ya msimamizi aliye nje, pamoja na hali ya king'ora. Msimamizi anamwona anayemaliza hewa haraka kuliko wenzake, pengine kabla mwenyewe hajashtuka. Katika mifumo mingi anaweza pia kurusha amri ya kutoka, ikalia kwenye kila kifaa kilichomo ndani. Kwa kipimo changu, alama zake ni za juu: aliyezimia haombwi kufanya lolote, kifaa kinamsemea.

Udhaifu wake ni kuta. Zege na chuma hula mawimbi, na vyumba vya chini ya ardhi ndivyo vibaya zaidi. Skrini inaandika kwamba mawasiliano na mtu fulani yamekatika. Ameanguka, au amepita tu nyuma ya ukuta mnene? Kikosi kisichozoea nidhamu ya bao kitayaona maandishi hayo mara kumi, kitayazoea, na mara ya kumi na moja kitakuwa kimechelewa. Ndiyo maana nasema skrini isinunuliwe na kikosi ambacho bado hakijui kuendesha bao vizuri, na skrini ikishafika, bao libaki palepale mlangoni.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hulipita bila kulitazama, nalo ni onyo la hewa kupungua. Vifaa vya kiwango cha Ulaya, EN 137, hupiga filimbi presha inaposhuka hadi baa 55 hivi. Vile vya kiwango cha Marekani vilikuwa vikionya hewa ikibaki asilimia 25. Tangu toleo la 2013 la NFPA 1981 ni asilimia 33, yaani kama baa 100 kwa mtungi wa baa 300. Chukua mtungi uleule wa lita 6.8 na mtu yuleyule anayevuta lita 80 kwa dakika: onyo la Ulaya linamwachia chini ya dakika 5, hili la asilimia 33 dakika 8 na kidogo. Tofauti ya dakika tatu na zaidi ni kubwa mno kwa mtu anayetambaa. Kila mfumo una taratibu zake zilizojengwa juu ya namba hizo, kwa hiyo sisemi mmoja ni mbovu. Nasema usiichanganye katika kikosi kimoja. Wawili wakiingia pamoja, wa kwanza onyo linalia, wa pili kimya, na hewa yao ni sawa, nani atamwamini nani?

Kamera ya joto: mkononi, kifuani au ndani ya barakoa

Hapa ndipo watu hununua kwa macho. Picha inapendeza, muuzaji anazima taa ukumbini, mtu anang'aa mweupe gizani, na hundi inaandikwa. Kamera hizi zinastahili sifa zake, lakini ni lazima mtu ajue zinaona nini.

Kamera ya joto hupokea mionzi ya infraredi yenye urefu wa mawimbi wa mikromita 8 hadi 14 hivi. Chembe nyingi za moshi ni ndogo kuliko hapo, kwa hiyo mionzi hiyo hupenya mahali ambapo mwanga wa tochi unarudi usoni. Mtoto aliyelala nyuma ya kitanda, mlango ulioanza kupata moto upande wa pili, mwenzako aliyeanguka mita nne mbele, vyote vinaonekana. Kabla ya kamera hizi, mtu alitafuta kwa kupapasa.

Sasa mitego yake. Kioo hakipitishi mionzi hiyo, kwa hiyo ukielekeza kamera dirishani utaona joto la kioo chenyewe, au taswira yako mwenyewe imeakisiwa. Bati linalong'aa na vigae vya bafuni hufanya vivyo hivyo, na kuna watu katika mafunzo wamewahi kutambaa kuelekea "majeruhi" ambaye ni kivuli chao. Namba ya joto iliyo pembeni mwa skrini husoma uso wa kitu kilicho katikati ya picha, haisomi hewa. Unaweza kuwa umeielekeza kamera sakafuni, inasoma nyuzi 60, na gesi iliyo juu ya kofia yako inakaribia 600, kiwango ambacho chumba kizima huweza kuwaka kwa pigo moja. Sare ya mzimamoto inayofikia kiwango cha chini cha NFPA humpa katika hali hiyo sekunde 17 hivi kabla ya ngozi kuungua kwa daraja la pili. Sekunde 17 tu.

Sakafu ni mtego mwingine. Zulia na mbao huzuia joto, na majaribio ya UL, shirika la kupima usalama huko Marekani, yalionyesha kwamba kamera ikitazama kutoka juu haiwezi kutegemewa kueleza kama sakafu imeshaliwa na moto wa chumba cha chini. Picha inaweza kuwa tulivu kabisa, na sakafu isiwe na nguvu ya kubeba mtu.

Kuhusu aina, tofauti zinazonihusu mimi ni hizi:

| | Kubwa ya mkononi | Ndogo ya kila mtu | Ndani ya barakoa |
|---|---|---|---|
| Picha | Pana, pikseli nyingi, inatazamwa na zaidi ya mmoja | Ya wastani, skrini finyu | Ndogo, iko mbele ya jicho muda wote |
| Mikono | Inashika mmoja | Inaning'inia, inashikwa ukihitaji | Iko huru |
| Moshi mzito sana | Skrini ifutwe na kusogezwa karibu na barakoa | Vivyo hivyo | Hakuna moshi kati ya jicho na skrini |
| Ikizimika | Wenzako wote wanakosa | Wengine wanazo zao | Mmoja anakosa, na pengine alikuwa ameizoea mno |
| Inafungamana na chapa ya kifaa cha kupumulia? | Hapana | Hapana | Ndiyo |

Mstari wa mwisho uusome mara mbili. Ukinunua kamera ya ndani ya barakoa umefunga ndoa na mtengenezaji wa barakoa hiyo kwa miaka mingi, maana mitungi, mabomba na vipuri vitafuata njia hiyohiyo.

Tazama pia idadi ya picha kwa sekunde. Kamera nyingi za bei ya chini hutoa picha 9 kwa sekunde. Kwa mkaguzi wa nyaya za umeme zinatosha, lakini kwa anayetambaa akigeuza kichwa huku na huku, picha inachelewa, kichwa kinamzunguka, na anaanza kusogea polepole au kuacha kuitazama. Tafuta 25 au 30 na kuendelea. Uliza vilevile kinachotokea joto likipanda sana: kamera hujibadilisha iweze kuuona moto bila kupofuka, na hapo mwili wa mtu hufifia ukafanana na fanicha iliyo karibu naye. Hiyo si kasoro, ni namna inavyofanya kazi, ila asiyeijua atapita kando ya majeruhi.

Mimi ningenunua kamera moja nzuri ya mkononi kwa kila timu inayoingia, na ningeweka muda mwingi wa mafunzo kuliko pesa. Hizo ndogo za kila mtu zingefuata. Ya ndani ya barakoa ningeipa nafasi pale tu kikosi kinapobadilisha vifaa vyote vya kupumulia kwa pamoja. Sababu yangu ni ileile ya mwanzo. Aliyezoea kuona kila kitu husimama wima na kutembea, huacha ukuta, huacha mpira wa maji, na betri ikikata hana anachokumbuka. Aliyefundishwa kutazama, kuishusha kamera, kisha kusonga akiwa ameshika ukuta, betri ikikata bado anaijua njia ya kurudi.

Kujua mtu yuko wapi: porini sawa, ndani ya jengo bado

Watengenezaji huyazungumzia haya mawili kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo.

Nje, satelaiti zinaonekana, na teknolojia ya kuonyesha mahali imekomaa. Tarehe 30 Juni 2013, katika moto wa Yarnell Hill, Arizona, wazimamoto 19 wa kikosi cha Granite Mountain walizingirwa na moto na kufa. Walikuwa wameondoka kwenye eneo lililokwisha kuungua, ambalo ndilo salama, na waliokuwa wakisimamia moto ule hawakujua walipofika. Nukta moja kwenye ramani ingewaonyesha. Mwaka 2019 sheria ya Marekani iitwayo Dingell Act iliagiza mashirika ya serikali kuu yanayopambana na moto wa porini yawe na mfumo wa kuwafuatilia watu wao. Kwa kikosi cha porini, kifaa kinachotuma mahali chenyewe, kupitia redio au satelaiti, ningekiweka mbele ya karibu kila kitu kingine. Zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyo vizuri pia, mradi usitegemee mtandao wa simu mahali ambapo haupo.

Ndani ya jengo mambo ni mengine. Mawimbi ya satelaiti hayapenyi vizuri, kwa hiyo wabunifu wamejaribu njia za kando. Sensa za mwendo zilizofungwa kiatuni au mkandani huhesabu hatua na migeuko, lakini kosa dogo la kila hatua hujikusanya, na mtu anayetambaa, anayegaagaa na kuruka vizuizi huzivuruga zaidi. Kipimo cha presha ya hewa hukisia ghorofa, kwa kuwa presha hupungua kama paskali 12 kwa kila mita unayopanda. Tatizo ni kwamba joto la moto na feni za kusukumia moshi nazo huichezea presha hiyohiyo. Vinara vya mawimbi vilivyopangwa kuzunguka jengo hutoa majibu bora, lakini nani atavipanga katika dakika tatu za kwanza? Mradi wa POINTER wa maabara ya JPL ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, unatumia uga wa sumaku unaotetema polepole, ambao hupenya kuta kuliko mawimbi ya kawaida ya redio, na huo ndio ninaoufuatilia kwa matumaini.

Basi kwa jengo, pesa za mwanzo nisingeziweka hapa. Kinachokaribia jibu leo ni mpira wa maji au kamba ya kuongozea inayorudi mlangoni, bao lenye kumbukumbu ya nani aliingia upande gani, na king'ora kinachosikika. Inanisikitisha kuandika hivyo zaidi ya miaka ishirini baada ya Worcester.

Redio

Nitakuwa mfupi, kwa sababu chaguo lenyewe ni wazi kuliko wengi wanavyolifanya. Redio za mkononi huwasiliana moja kwa moja zenyewe kwa zenyewe, au hupitia mtambo wa kurudishia mawimbi. Mtambo hukufikisha mbali, ila ukikosekana wote mnakuwa viziwi. Katika jengo la kaskazini la World Trade Center tarehe 11 Septemba 2001, siku waliyokufa wazimamoto 343 wa New York, ripoti ya tume ya uchunguzi ilieleza kwamba mtambo wa eneo hilo ulihitaji vitufe viwili kubonyezwa. Kimoja kikabonyezwa, cha pili hakikubonyezwa, na makamanda waliokuwa chini wakaamini kuwa haufanyi kazi. Kitufe kimoja. Kwa watu walio ndani ya jengo moja na kamanda wao, napendelea mawasiliano ya moja kwa moja kuwa ndiyo ya kawaida, na mtambo uwe nyongeza.

Dijitali au analogi? Majaribio ya serikali ya Marekani yaliyochapishwa 2008 yalionyesha kuwa redio za dijitali za wakati huo zilishindwa kueleweka kuliko analogi pale msemaji alipovaa barakoa katikati ya kelele kama za msumeno wa injini. Zimeboreshwa tangu hapo, lakini usiamini karatasi. Sikiliza mwenyewe, msemaji akiwa na barakoa na king'ora kikilia kando yake. Na kama bajeti inaruhusu redio zilizojengwa kwa kiwango cha NFPA 1802, kilichotoka kwa toleo la 2021, hizo ndizo zilizojaribiwa kwa joto na maji ya kazi hii.

Droni na roboti

Njia salama kuliko zote ni mtu kutoingia kabisa, na vifaa hivi viwili vinamwezesha kamanda kuamua hivyo. Katika moto wa Notre-Dame, Paris, tarehe 15 Aprili 2019, vilitumika vyote. Droni ziliwaonyesha makamanda moto unaelekea wapi juu ya paa, na roboti iitwayo Colossus, yenye uzito wa nusu tani hivi, iliingia kanisani na maji wakati mabaki ya paa yakiendelea kudondoka na haikufaa watu wabaki humo. Mwaka uliofuata Los Angeles ilianza kutumia Thermite RS3, mtambo wa tani moja na nusu hivi unaoweza kurusha zaidi ya lita 9,000 za maji kwa dakika.

Ukilinganisha kwa haki, droni inahudumia matukio mengi zaidi: moto wa porini, mafuriko, ghala, ajali ya gari la kemikali, kumtafuta aliyepotea. Inabebwa na mtu mmoja, na ikiwa na kamera ya joto inamwonyesha kamanda paa lililodhoofika kabla hajampandisha mtu. Hairuki katika upepo mkali, betri yake kwa kawaida haifiki saa moja, na haipaswi kuwa angani pamoja na helikopta bila mpangilio. Roboti inahitaji gari la kuibeba, dereva aliyefuzu, na mahali ambapo hatari ni ya aina ya pekee: kiwanda cha mafuta, handaki, bandari. Huko Tianjin, China, milipuko ya Agosti 2015 kwenye ghala la kemikali iliua wazimamoto wasiopungua 99. Anayelinda mahali kama hapo aizungumzie roboti kwa uzito wote. Kikosi cha mji wa kawaida kianze na droni.

Vinavyoua polepole

Moshi na moto ndivyo vinavyoogopesha, lakini nchini Marekani, utafiti uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba ugonjwa wa moyo ulisababisha asilimia 45 hivi ya vifo vya wazimamoto wakiwa kazini. Na mwaka 2022 shirika la IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya uzimamoto katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani.

Hapa nalinganisha vitu vitatu visivyofanana: kipimo cha gesi, mashine ya kufulia sare, na mkanda wa kupima mapigo ya moyo.

Kipimo cha gesi ndicho cha kwanza. Moto ukishazimwa watu huvua barakoa wakaanza kufukua majivu, na hapo ndipo kaboni monoksaidi na hidrojeni sayanaidi zinapowakuta. Kwa viwango vya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ya kwanza ni hatari ya papo hapo kwa uhai ikifika sehemu 1,200 kwa milioni, ya pili ikifika 50 tu. Kipimo cha kawaida cha gesi nne husoma oksijeni, gesi inayoweza kulipuka, kaboni monoksaidi na hidrojeni salfaidi. Sayanaidi haimo, kwa hiyo iulizie sensa yake au ununue kipimo cha pembeni. Sensa huzeeka ndani ya miaka michache hata kama hazikutumika, na kipimo kisichojaribiwa kwa gesi ya majaribio ni pambo mkandani.

Mashine ya kufulia haionekani kuwa teknolojia, lakini ningeinunua kabla ya mkanda wa moyo. Sare yenye masizi inayoning'inia chumbani wanamolala watu inawapa sumu kila usiku. Mkanda wa moyo wenyewe una faida, hasa mazoezini, ila kwanza kaeni mkubaliane nani ataziona takwimu hizo na zitatumikaje. Mtu akihofia kwamba mapigo yake yatamwondoa kazini ataacha kuuvaa, na atakuwa na haki. Uchunguzi wa moyo wa kila mwaka kwa daktari utawafikia wengi zaidi.

Kwa hiyo, uanze na nini?

Kikosi kidogo chenye vifaa haba: ving'ora vinavyojiwasha, bao la majina linalotumika kila mara hata kwenye moto mdogo, kisha kamera moja nzuri ya mkononi na kipimo cha gesi. Kikosi cha mji mkubwa ambacho kimeshavuka hapo: taarifa za hewa zinazorushwa nje, droni, redio bora, na mashine ya kufulia kama bado haipo. Kikosi cha porini: vifaa vya kuonyesha mahali kwa kila mtu au angalau kila timu, kabla ya kamera. Wanaolinda viwanda vya mafuta na maghala ya kemikali: vipimo vya gesi vingi, droni, halafu roboti. Ufuatiliaji wa ndani ya majengo uombe kuonyeshwa, ujaribu, lakini usiuwekee bajeti ya ving'ora.

Na kabla hujasaini chochote, mwombe muuzaji akuachie kifaa kwa siku moja. Chukua jengo tupu, ziba madirisha, jaza moshi wa mazoezi. Waingie wako mwenyewe, na glavu zao, barakoa zao na mpira wa maji uliojaa. Mlaze mmoja wao kwenye chumba cha mwisho, wengine wasijue ni kipi, na umwambie asibonyeze kitu. Kisha washa saa, uone itachukua dakika ngapi kabla aliye nje hajajua kuwa kuna mtu ameanguka, na ngapi zaidi kabla hajafikiwa. Rudia zoezi hilohilo bila kifaa kile. Andika namba zote mbili.